Pindo Lililofumuliwa

Alhamisi, tarehe 9 Mei. Asubuhi hiyo ilinyesha mvua nyembamba, ile isiyopiga kelele juu ya bati lakini inamlowesha mtu mpaka mifupani. Mawingu yalikuwa yameshuka sana, na ndani ya chumba cha ushonaji taa ilibidi iwashwe kama jioni.

“Usiiguse!”

Hapo ndipo tulipomwacha Njuga. Amekuta mlango haujafungwa kwa ufunguo, akaingia, amepiga magoti mbele ya kasha la nguo, akidhani yuko peke yake. Ameshika sketi ya kijani, ile ambayo dada yake aliivaa siku alipoanguka jukwaani. Pindo la sketi limefumuliwa. Na nyuma yake, sauti.

Aligeuka. Shangazi yake alikuwa amesimama mlangoni, mtandio umelowa, mkasi mkubwa mkononi.

“Shangazi! Umenitoa roho.”

“Iweke chini. Taratibu. Usivute hata uzi mmoja.”

“Na huo mkasi?”

Shangazi aliutazama mkasi kana kwamba ndiyo kwanza anauona. “Nimetoka kuunoa. Au unadhani nimekuja kukuchinja?”

Njuga alitaka kucheka. Badala yake aliilaza sketi sakafuni.

Aliyejiunga nasi leo asipotee. Njuga na dada yake walilelewa na Shangazi huyu, ndugu wa baba yao, fundi wa nguo wa kikundi cha dansi ya tumbo. Dada mtu ndiye aliyekuwa nyota. Miaka mitatu iliyopita, katika ukumbi mkubwa, kwenye wimbo wa mwisho, alianguka akavunjika nyonga. Watu wote walisema amekanyaga pindo la sketi yake. Na pindo lile lilishonwa na Shangazi.

Tangu siku hiyo mama huyu hapindi nguo bila kuomba kwanza. Huweka kiganja juu ya kitambaa, hufumba macho, midomo ikitikisika. Kisha ndipo hutia sindano.

Jumamosi hii, katika ukumbi ule ule, kwa wimbo ule ule, ilikuwa zamu ya Njuga. Na sketi ilikuwa hiyo hiyo.

Shangazi alichuchumaa. Alivaa miwani, akashika ukingo wa kitambaa kwa ncha za vidole.

“Si mkono wangu,” alisema.

“Una uhakika?”

“Mimi nikishikiza kwa muda hupiga bandi kwa uzi mweupe, nyuzi mbili. Huu ni mweusi, mmoja. Na mimi nikifumua siachi vijinyuzi kama ndevu za beberu. Mtu ameingia humu, amefumua pindo langu, amelishusha, kisha amelishikiza kwa bandi.”

“Amelishusha kwa nini?”

Sketi ndefu kupita kiasi, juu ya jukwaa, kwa mtu anayezunguka kama pia, inafanya jambo moja tu.

“Mtu anataka nianguke,” Njuga alisema polepole. “Kama Dada.”

Mlango ulisukumwa. Wote wawili waliruka.

Aliyeingia alikuwa Mjomba, ndugu wa mama yao, mpiga dumbaki wa kikundi. Alikuwa amelifunika dumbaki lake kwa blanketi kama mtoto mchanga, yeye mwenyewe akichuruzika maji.

“Shemeji,” Shangazi alisema, “ungejifunika wewe, ngoma ikalowa.”

“Mimi nikilowa nakauka, shemeji. Ngozi ya ngoma ikilowa inaimba kama wewe.” Alivuta kiti chini ya taa, akaliinamisha dumbaki ili ngozi ipate joto. Kisha akaziona nyuso zao. “Kuna msiba?”

Walimwonyesha. Mjomba aliitazama sketi.

“Ufunguo wa chumba hiki anao nani?” aliuliza.

“Mimi,” alisema Shangazi. “Wewe. Bwana Ratiba. Na mmoja uko nyumbani, msumarini.”

“Kwa hiyo ni sisi.”

“Shemeji, usiniletee mambo.”

“Sijaleta. Nimeyakuta.”

Bwana Ratiba aliingia katikati ya maneno hayo, mwavuli mkononi, simu sikioni. Huyu ndiye msimamizi wa kikundi. Jina alipewa na wachezaji, kwa sababu hata ukimsalimia hukujibu kwa ratiba.

“Jamani, ratiba! Dansi ya shela dakika sita, ya fimbo dakika tano, dumbaki la peke yake dakika nne, tunafunga. Njuga mbona hajavaa?”

“Pindo limefumuliwa,” alisema Njuga.

“Lipindwe! Fundi si huyu hapa? Mbona mnakaa kama watu wanaosubiri daktari?”

“Bwana Ratiba,” Shangazi alisema, “nguo hii imeguswa na mtu mwenye nia.”

“Nia, nia. Kikundi cha kule ng’ambo ya barabara ndio wenye nia. Wanatuonea wivu hata kwenye mabango. Vaa, binti. Tusikie muziki, tuone nguo, tuweke kituo, twende zetu.”

Hapa lazima nieleze jambo la kikundi hiki, maana ndilo lenye siri yetu yote.

Kwao nguo haishonwi kabla ya muziki kusikika, na muziki haukubaliwi kabla ya nguo kuvaliwa. Mkanda wa sarafu ukiwa mzito, dumbaki hupunguza mwendo. Shela ikiwa ndefu, fidla huvuta sauti ili kitambaa kipate muda wa kushuka. Wanakaa pamoja wanajaribu, na sakafuni Shangazi anachora alama kwa chaki ya fundi. Alama kubwa kuliko zote huitwa kituo. Ni pale ambapo, katikati ya mzunguko, dumbaki hunyamaza ghafla na mchezaji hukwama kwa mguu mmoja, kiuno kimesimama, sarafu hazilii. Watu ukumbini husahau kuvuta pumzi.

Kituo hakiambiwi mtu. Kikijulikana, utamu umekwisha. Kinajulikana na waliokuwa chumbani tu.

Njuga alivaa nyuma ya meza ya kukatia. Sidiria ya shanga, mkanda wa sarafu juu ya nyonga, kisha ile sketi. Alipotokea, Mjomba aliinamisha uso. Njuga na dada yake walilingana kimo na umbo, na kwa kitambo ilikuwa kama miaka mitatu haijapita.

“Anza polepole, Mjomba,” alisema Njuga.

Dum. Dum, taka, dum.

Kiuno kilijibu. Sarafu zilianza kunong’ona. Njuga alikwenda kwa nyayo tupu juu ya sakafu ya saruji, mikono juu, na hata Bwana Ratiba akashusha simu. Dumbaki likaongeza mwendo. Njuga akazunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili.

Mara ya tatu sketi ilimshika mguu.

Aliruka mbele kama mtu aliyesukumwa. Kichwa kilikuwa kinakwenda moja kwa moja kwenye chuma cha cherehani. Mjomba aliliachia dumbaki, likabingirika, akamdaka Njuga mkono na mkanda wa sidiria kwa pamoja. Shanga zilitawanyika sakafuni.

Halafu Shangazi akasema, “Ee Mola wangu,” akakaa chini palepale alipokuwa.

“Wapi?” aliuliza. “Umekanyaga upande gani?”

“Kulia.”

“Simama. Simama wima, usipumue.”

Alitambaa kwa magoti kumzunguka, tepu mkononi. Alipima upande wa kulia, akapima nyuma, akapima kushoto. Akarudia. Bwana Ratiba alifungua mdomo. Mjomba akamkata jicho, naye akaufunga.

“Kulia limeshushwa vidole vinne,” alisema Shangazi. “Nyuma viwili. Kushoto halikuguswa kabisa. Linapanda kidogo kidogo, sawasawa, kama mteremko.”

“Kwa hiyo amefanya kwa haraka,” alisema Bwana Ratiba.

“Wa haraka hafanyi hivi. Mtu anayetaka kumwangusha mwenzake anashusha pindo lote, basi. Huyu amepima.” Alivua miwani. Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Njuga, nguo hii haikushushwa ili uanguke. Haikushushwa kwa ajili yako hata kidogo. Imerekebishwa kwa mtu ambaye nyonga zake haziko sawa. Ya kushoto imeshuka, ya kulia imebaki juu. Mtu huyo akiivaa, itamkaa imenyooka.”

Njuga alishusha macho kwenye upande wa kushoto wa sketi.

Nyonga ya kushoto. Mfupa uliounga vibaya. Kila asubuhi kwa miaka mitatu alimsikia mtu huyo akitembea nyumbani kwao: gongo, mguu, gongo, mguu.

“Dada,” alisema.

“Nipo,” alijibu mtu.

Pazia la kona ya kujaribia nguo, ambayo hakuna aliyeitazama asubuhi hiyo, lilifunguka. Dada alikuwa amekaa humo kwenye kigoda, gongo limelala mapajani, uso umekauka kwa maumivu ya kukaa bila kujinyoosha. Hakuna aliyejua yuko humo tangu saa ngapi. Alikuwa amewasikia wote, tangu neno la kwanza.

“Mwanangu!” Shangazi alinyanyuka. “Umekuja na mvua hii? Na mguu huo?”

“Nimekuja na ufunguo wa msumarini. Sikujua mtafika mapema hivi. Sikujua pia utavaa, mdogo wangu. Nilipokuona unayumba nilitaka kupiga kelele, sauti ikanikimbia. Nisamehe.”

“Umefumua nguo yangu bila kuniambia,” alisema Njuga. Aliufinya ule upande mrefu wa pindo kwa ngumi. “Ilibaki kidogo nipasuke kichwa, Dada.”

“Najua. Ivue. Ligeuzeni pindo, mtazame ndani. Huko nyuma, sehemu niliyoikunjua.”

Njuga aliivua, akajifunga kanga, na Shangazi akaigeuza chini ya taa. Ndani ya mkunjo, mahali ambapo sabuni haikuwahi kufika, palikuwa na doa. Pana, la rangi ya chai, lenye ukingo mweusi. Alilisugua kwa kidole gumba, akanusa.

“Mafuta,” alisema.

“Mafuta,” Dada aliitikia. “Mimi sikukanyaga pindo siku ile. Niliwaambia hospitali, nikaambiwa ni dawa zinanisemesha. Mguu wangu uliteleza. Ubao ulikuwa na mafuta, kwenye kituo, mahali pale tu. Hatua moja kabla, pakavu. Hatua moja mbele, pakavu.”

Shangazi alikuwa bado ameishika sketi. Machozi yalimtoka bila yeye kuyajali.

“Kwa hiyo si pindo langu?” aliuliza, kama mtoto. “Miaka yote hii... si mimi niliyekuvunja?”

“Si pindo lako, Shangazi.”

Ningependa, msomaji, hadithi iishie hapo, mama huyu apate usingizi wake. Haikuwa hivyo. Maana Bwana Ratiba alikuwa amesogea kwenye cherehani, na alikuwa ameinua kikopo kidogo chenye mdomo mrefu mwembamba.

“Mafuta ya namna hii?” aliuliza.

Alidondosha tone juu ya kipande cha kitambaa cha kijani. Likaenea, likawa rangi ya chai.

Wote walimtazama Shangazi. Na furaha iliyokuwa imefika usoni pake sasa hivi ikageuka kitu kingine, kibaya kukitazama.

“Wanangu,” alisema. “Wanangu, mimi nimewaogesha.”

“Mwacheni,” Mjomba alisema. Alikuwa bado sakafuni, anaokota shanga moja moja bila kuinua macho. “Siku ile kikopo hicho kilikuwa kwangu. Nilikiazima nilainishe skrubu za dumbaki. Nikakiacha nyuma ya jukwaa.”

“Na hukusema?” Shangazi aliuliza.

“Nani aliniuliza, shemeji? Mlisema pindo. Nikasema pindo.”

“Kuna jingine hukusema, Mjomba,” Dada alisema kwa upole uliotisha kuliko ukali. “Dumbaki lilinyamaza mapema siku ile. Pigo moja kabla sijafika.”

Mkono wa Mjomba ulisimama juu ya shanga. “Nilikuona unayumba.”

“Nilikuwa bado sijayumba.”

Mvua iliendelea nje. Bwana Ratiba alikohoa, akatazama saa yake, akauchukua mwavuli. “Mambo ya kifamilia haya. Mimi nitapita mchana.”

“Kaa,” Dada alisema.

“Mimi nimefanya nini?”

“Siku ile ulikataza mtu yeyote asikanyage jukwaa baada ya mchana. Ulisimama mlangoni wewe mwenyewe. Ulisema limepigwa deki.”

“Lilipigwa deki!”

“Na nani?”

Bwana Ratiba aliugeuzageuza mwavuli. Halafu akapata pa kushika, na uso wake ukachangamka ghafla. “Na mbona hatukuulizi wewe? Waambie nani alitaka wimbo huu Jumamosi! Mimi nilipanga mwingine, wa mwendo mpole. Ukumbi nilipanga mwingine pia. Njuga, muulize dada yako. Ujumbe ulitoka kwake, ninao hapa.”

Njuga aligeuka. Alisubiri dada yake akane.

“Ni kweli,” alisema Dada. “Wimbo nimeuomba mimi. Ukumbi pia, na sketi. Tulipoweka kituo miaka mitatu iliyopita tulikuwa wanne ndani ya chumba hiki, na mimi sikujimwagia mafuta. Nilitaka wale watatu wakae tena chumba kimoja, wapange jambo lile lile, nami nisikilize nani anapumua vibaya.”

“Na mimi?” Njuga aliuliza. “Mimi nilikuwa nani katika mpango huo? Chambo?”

“Hapana.”

“Jina langu liko kwenye bango, Dada! Ni mguu wangu uliokuwa ukanyage ubao ule!”

“Usingeukanyaga. Ndiyo maana nimeirekebisha sketi. Ningechukua nafasi yako mlangoni, dakika ya mwisho, bila mtu kujua. Sehemu ya fimbo nitacheza na gongo langu. Kwenye dumbaki sitazunguka, nitatembea mpaka kituo. Kutembea naweza.”

“Kichaa hiki,” Bwana Ratiba alisema. “Kwa nyonga hiyo? Utavunjika upya mbele ya ukumbi mzima.”

“Umemjua mtu, mwanangu?” Shangazi aliuliza kwa sauti ya chini. “Umesikiliza asubuhi yote. Umemjua?”

Dada alijiinua. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliegemea gongo, akawatazama mmoja mmoja: shangazi aliyemlea, mjomba aliyemfundisha kuhesabu mapigo, msimamizi aliyemweka kwenye mabango. Nimewahi kuona macho ya namna hiyo mara moja katika maisha, kwa mtu aliyekwisha kusamehe na bado akaamua kusema. Mungu atuepushe kutazamwa hivyo tukiwa na hatia.

“Nimemjua,” alisema. “Nikimtaja humu ndani atalia, na ninyi mtamhurumia, na mambo yatafunikwa kwa mara ya pili. Jumamosi, ngoma itakaponyamaza, nitamtaja nikiwa nimesimama pale aliponiangusha. Ana siku mbili za kutubu au za kufanya anachotaka.”

Kilichofuata hakuna aliyekitazamia. Mtu mmoja kati ya wale watatu alicheka. Kidogo sana, puani, kama mtu anayepiga chafya. Njuga aliwageukia haraka, na nyuso zote tatu zilikuwa zimetulia kama maji ya mtungi.

Aliwaza. Siku mbili. Ukumbi una milango minne. Jukwaa ni pana, na mafuta hayahitaji kumwagwa kwenye kituo tena. Yanaweza kumwagwa popote kati ya mlango na kituo. Nyonga iliyounga vibaya ikivunjika mara ya pili, daktari alikwisha kusema, mtu haamki nayo.

Aliitoa mikono yake mikononi mwa Shangazi, aliyekuwa amemshika bila kujua. Akavuka chumba, akasimama bega kwa bega na dada yake.

“Hutacheza peke yako,” alisema.

“Mdogo wangu, ondoka hapo.”

“Umenipangia mambo bila kuniuliza. Sasa nami napanga.” Alivuta pumzi, na alipozungumza tena alipaza sauti, mpaka fundi viatu wa chumba cha pili akachungulia dirishani na mama mwenye duka la vifungo akasimama mlangoni na mwavuli wake. “Nisikilizeni wote, na ninyi wa nje pia, muwe mashahidi. Jumamosi tutacheza wawili. Mimi nitatangulia, yeye atafuata. Naapa mbele ya Mungu na mbele yenu: kila ubao atakaokanyaga dada yangu, mimi nitakuwa nimekwisha kuukanyaga kwanza, kwa nyayo tupu. Anayetaka kumwaga mafuta, na amwage.”